Mota ya okazio: kusikia ikinguruma haitoshi

Kwenye bandari ndogo za Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, kutoka Kituku hadi Minova, kutoka Uvira hadi Baraka na Kalemie, mota za okazio zinauzwa kila mara. Nyingi ni zile za zamani zinazokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta, Yamaha za farasi 15, 25 ao 40. Zimefanya kazi miaka mingi, zimepita kwa wenye kuzitumia watatu ao wane, na nyingine zimeingia kupitia Dar es Salaam ao Mombasa baada ya kutumika baharini.

Namna ya kuzinunua inajulikana na kila mtu. Mota inafungwa kwenye mtumbwi ao kwenye ubao, kamba inavutwa, moshi unatoka, kelele inajaa bandari nzima. Komisionere anasema: « Muzee, hii mota ni muzima, inatoka Ulaya. » Dakika mbili zinapita, inazimwa, feza zinahesabiwa. Juma moja baadaye mnunuzi yuko katikati ya ziwa, mvua inakuja, na mota imenyamaza.

Desturi hiyo inapaswa kuisha. Mota ya mtumbwi siyo radio ao kitanda, ambacho kikiharibika hasara ni ya aliyekinunua peke yake. Mota inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa anayetoka Ijwi kutafuta hospitali, wanafunzi, mama wauza samaki, magunia ya mihogo na maharagwe ya jamaa nzima. Wote hao hawakuwa pale siku ya kununua. Hawakuulizwa kitu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingojea ndugu zao. Makumi ya watu walikufa. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kupakia kupita kiasi. Tangu siku ile mazungumzo ni juu ya jile za kuokoa na hesabu ya abiria, na ni haki yazungumzwe. Lakini kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Mtumbwi uliojaa, ukikosa mota kwenye mawimbi, unageuka ubavu. Nahodha hawezi tena kuelekeza pua yake kwenye wimbi. Maji yanaanza kuingia, watu wanasimama, wanakimbilia upande mmoja. Kwenye Ziwa Tanganyika, wakati wa kiangazi upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, dakika chache zinatosha. Mota ikizimika mahali kama hapo, haisaidii kitu kwamba ilinunuliwa kwa bei nzuri.

Kuangalia kabla ya kuwasha

Kukagua mota ya zamani hakuombi shule ya ufundi. Kunaomba muda wa nusu siku, macho, mikono, ufunguo wa buji na bisibisi kubwa. Kazi inaanza mota ikiwa imezimwa.

La kwanza ni mkono. Mnunuzi aguse mota mara tu anapofika. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha mapema, na mota yenye kuwaka vizuri ikiwa na joto inaweza kukataa kabisa ikiwa baridi. Dawa ni rahisi: kurudi kesho asubuhi na kuomba isiguswe.

La pili ni namba. Karibu na mahali mota inapofungwa kwenye mtumbwi kuna kibao chenye namba ya mota. Kibao kikiwa kimeng'olewa ao namba imekwaruzwa, mnunuzi amuulize muuzaji kwa nini. Mota zinaibwa kwenye maziwa yetu, wavuvi wanalijua jambo hilo kuliko wote. Anayenunua mota iliyoibwa anaweza kupoteza mota na feza, na kujibu mbele ya polisi juu ya kosa ambalo hakulifanya.

La tatu ni kutoa kifuniko. Rangi mpya siyo uzuri, mara nyingine ni pazia. Rangi iliyoungua kwenye kichwa cha silinda inaonyesha kwamba mota ilipata moto kupita kiasi. Vichwa vya skrubu vilivyoliwa vinaonyesha kwamba mota imefunguliwa na mtu asiyekuwa na funguo za kufaa. Unga mweupe kwenye vyuma na skrubu zilizokwama ni alama ya chumvi: mota ilifanya kazi baharini na haikuoshwa kwa maji baridi. Matope makavu chini ya gurudumu zito la juu, lile linalozungushwa na kamba, yanaweza kumaanisha kwamba mota ilizama. Mota iliyozama inaweza kupona ikifunguliwa na kukaushwa saa ileile. Ikikaa siku mbili na maji tumboni, kutu inakula vyuma vya ndani, na ugonjwa huo unatokea baadaye.

La nne ni mguu wa mota, ile sehemu inayoingia majini. Alama za kuungwa kwa moto kwenye bati la chini zinaonyesha kwamba mota iligonga mawe. Elisi ikizungushwa kwa mkono, macho yaangalie chuma kinachoishika: kikicheza kushoto na kulia, kimepindika. Kisha elisi itolewe. Nyuma yake, mara nyingi, kuna uzi wa wavu. Kwenye maziwa ya sambaza na ndagala, nyavu ziko kila mahali. Uzi huo unakata mpira unaozuia maji, na maji yanaingia taratibu kwenye mafuta ya vitesi bila mtu kujua.

Kulijua ni kazi ya dakika moja. Kwenye mguu kuna skrubu mbili za mafuta ya vitesi, moja juu na moja chini. Ile ya chini ilegezwe kidogo. Mafuta yakitoka safi ao meusi kidogo, hakuna neno. Yakitoka meupe kama maziwa, ao tone la maji likitangulia, mpira umekatika. Vipande vya chuma vikionekana, meno ya vitesi yanasagika. Mpira unabadilishwa kwa feza kidogo. Meno ya vitesi ni hesabu nyingine kabisa, na piesi zake hazipatikani kila siku Uvira ao Bukavu.

Buji zinasema ukweli

Buji zitolewe zote na zipangwe kwenye ubao kwa utaratibu, ili ijulikane kila moja imetoka silinda gani. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha mafuta mengi ao esansi nyingi. Nyeupe sana inaonyesha joto kali. Vipunje vidogo vinavyong'aa kwenye buji ni habari mbaya kuliko zote: ni pistoni inayoyeyuka. Buji moja ikiwa safi kama imeoshwa wakati wenzake ni chafu, huenda maji yanaingia ndani ya silinda ile.

Kisha kuna kompresio, yaani nguvu ambayo silinda inagandamiza hewa. Kipimo chake ni kidogo, kinaingia kwenye tundu la buji. Buji zote zinatolewa, kamba ya usalama inaondolewa ili mota isitoe moto wa umeme, mkono wa esansi unafunguliwa hadi mwisho, kamba inavutwa mara kadhaa hadi mshale usimame. Kila silinda inapimwa namna hiyohiyo. Namba yenyewe siyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kulingana. Silinda moja ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna pete ya pistoni iliyochoka, silinda iliyokwaruzika ao mahali panapovuja.

Hapa wakaaji wa Kivu wanapaswa kujua jambo ambalo vitabu vya mota, vinavyoandikwa kwa ajili ya bahari, hawalikuti kila mara. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inapungua, na mota inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila metre 100. Mota ya farasi 40 iliyopimwa baharini inatoa karibu farasi 34 kwenye Ziwa Kivu. Kipimo cha kompresio pia kinasoma chini. Na kama karbirateri haikurekebishwa kwa ajili ya huku juu, buji zitakuwa nyeusi hata kama mota ni nzima. Kwa hiyo mnunuzi wa Goma ao Kalehe asikatae mota kwa sababu ya namba ndogo ao buji nyeusi peke yake. Akatae silinda zisizolingana. Na anayehitaji kupeleka tani moja ya mizigo asihesabu farasi zilizoandikwa kwenye kifuniko, ahesabu zile zinazobaki.

Muuzaji aulizwe pia swali moja ambalo wengi wanalisahau: silinda zimechongwa mara ngapi? Mota ikichoka, fundi anaweza kupanua silinda na kuweka pistoni kubwa kidogo, kwa kawaida ya milimetre 0.25, kisha ya 0.50. Mota iliyofika ukubwa wa mwisho haina tena ukurasa mwingine. Bei yake haiwezi kuwa sawa na ya mota ambayo silinda zake hazijaguswa.

Majini, na mzigo

Mota isiwashwe kamwe kavu, hata kwa sekunde chache « ili kusikia sauti ». Pompa ya maji ina mapanga madogo ya mpira. Bila maji yanaungua mara moja, na vipande vyake vinaweza kuziba njia za maji ndani ya mota. Muuzaji anayewasha mota kavu mbele ya mnunuzi ameonyesha namna alivyoitunza miaka yote. Kukiwa hakuna mtumbwi, pipa la maji linatosha kwa kuanza.

Mota ikiwaka, jicho liende nyuma, kwenye kijitundu kinachorusha maji. Maji yatoke kwa nguvu na bila kukatika, yawe ya vuguvugu. Yakitoka kidogo kidogo, ao yakiwa ya moto sana, kunaweza kuwa pompa mbovu ao njia zilizoziba kwa mchanga ao chumvi.

Lakini pipa halimalizi kazi. Ukweli wa mota unajulikana ziwani, na watu ao magunia ndani ya mtumbwi. Nusu saa inatosha. Vitesi vijaribiwe vyote, mbele, katikati na nyuma. Vikiruka vyenyewe mota inapovuta kwa nguvu, meno yamelika. Mota ikipiga kelele kubwa na mtumbwi ukabaki polepole, elisi inateleza kwenye shina lake ao haifai kwa mzigo ule. Mota iendeshwe dakika tano hadi kumi kwa nguvu zote, karibu na ukingo, na makasia yakiwa ndani ya mtumbwi.

Baadaye linakuja jaribio ambalo wauzaji wabaya wanaliogopa. Mota ikiwa moto kabisa, izimwe. Watu wangoje dakika kumi. Kisha iwashwe tena. Bobini ya umeme iliyochoka inafanya kazi vizuri ikiwa baridi na inakufa ikipata joto. Mota ya namna hiyo inatoka bandarini kwa shangwe na kuzimika katikati ya ziwa, na ikishapoa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Wengi wameita ugonjwa huo uchawi. Ni waya uliochoka.

Mwisho, kamba ya usalama, ile inayozima mota nahodha akianguka majini. Kwenye mota nyingi za okazio imekatwa ao imeunganishwa na waya ili isisumbue. Irudishwe. Mota isiyo na nahodha inazunguka, na elisi haichagui.

Baada ya kununua, mchanganyiko uheshimiwe. Nyingi za mota hizi zinaomba sehemu 50 za esansi kwa sehemu 1 ya mafuta, yaani desilita 4 kwa bidoni ya lita 20. Nyingine za zamani zaidi zinaomba mara mbili ya hayo. Aliyeuza aseme ni ipi, na iandikwe kwenye bidoni. Esansi ya makadafi ichujwe kwa kitambaa, na bidoni iachwe itulie kwanza, maana maji yanakaa chini.

« Hakuna muda, hakuna feza »

Kuna wanaojibu kwamba mambo haya ni ya watu wenye kuwa na nafasi. Mnunuzi wa kawaida anatoka mbali, ana feza za jamaa ao za kikundi cha akiba mfukoni, anaogopa kulala nazo mjini. Mota ni moja na wanunuzi ni watatu. Akianza kufungua skrubu, muuzaji anamwambia aende zake. Fundi naye anaomba kulipwa.

Jibu hilo lina ukweli. Uhaba unampa muuzaji nguvu, na vita na barabara zilizofungwa zimesukuma watu wengi zaidi majini. Lakini tuhesabu. Feza za fundi wa nusu siku ni kidogo sana mbele ya bei ya mota, na mbele ya bei ya pistoni mpya ni kidogo pia. Muuzaji anayekataa mafuta ya vitesi yasiangaliwe tayari amejibu swali la mnunuzi. Na feza za kikundi cha akiba siyo za mtu mmoja. Ni za mama ishirini ao thelathini waliozikusanya kila juma. Anayezibeba anawadai wale mama, kabla ya kuzitoa, angalau aone buji.

Hata hivyo, si haki mzigo wote uachiwe mnunuzi. Vyama vya wenye mitumbwi vipo karibu kwenye kila bandari. Vinachanga kwa ajili ya matanga, vinaweza kuchanga kwa ajili ya pipa moja la maji, kipimo kimoja cha kompresio na seti ya funguo. Vifaa hivyo vikikaa bandarini, kila mota inayouzwa pale ijaribiwe mbele ya fundi anayeaminika na wote wawili. Hilo likiwa desturi, muuzaji anayekataa ataonekana yeye ndiye mgeni.

Pawe pia na karatasi. Siyo lazima iwe ndefu: namba ya mota, majina ya muuzaji na mnunuzi, bei, tarehe, hali iliyoonekana siku ya kujaribu, mashahidi wawili. Karatasi hiyo inamlinda mnunuzi siku polisi wakiuliza. Inamlinda pia muuzaji mwaminifu, ambaye leo anauza kwa bei ileile na mwongo kwa sababu hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Kwa wakubwa wa huduma za usafiri wa majini, ombi ni moja na lina mpaka wake. Wakati wa kuandikisha mtumbwi wa abiria, mota iangaliwe kama vile jile zinavyohesabiwa: inawaka baridi? inawaka moto? inarusha maji? kamba ya usalama ipo? kuna makasia? Maswali matano, dakika ishirini. Lakini isigeuke kodi mpya. Wenye mitumbwi wanalipa tayari kwenye kila bandari, kwa karatasi ambazo mara nyingi hakuna hata aliyeshuka majini kuangalia kitu. Ukaguzi unaouzwa kwa franka elfu chache bila kufungua kifuniko ungekuwa mbaya kuliko kutokuwa na ukaguzi, sababu ungempa abiria tumaini la uongo.

Mota za zamani zitaendelea kuvuta mitumbwi yetu kwa miaka mingi. Mpya ni ghali, na nyingi kati ya hizi za zamani ni ngumu, zinatengenezeka, zinastahili feza zao. Hakuna anayewaomba wakaaji wa ukingoni waache kuzinunua. Kinachoombwa ni nusu siku kabla ya kulipa: mota baridi, buji kwenye ubao, skrubu ya chini ya mguu, nusu saa ziwani na mzigo, kisha kuzima na kuwasha tena. Muuzaji mwenye mota nzima hapotezi kitu kwa kungoja. Abiria atakayepanda mtumbwi ule juma lijalo hana namna ya kufanya kazi hiyo. Lazima ifanywe na wale waliosimama ukingoni siku ya kununua.